Nilitaka koilova, nikaishia kwenye bushi

Ukilishika gurudumu la mbele la MGB, lile gari dogo la michezo la Kiingereza, likiwa juu ya jeki, mkono mmoja juu na mwingine chini, ukawa unasukuma na kuvuta, kuna sauti ambayo mwenye gari hataki kuisikia: tik. Ndogo, kavu, kama mtu anayefunga kasha la miwani. Mimi niliisikia Jumamosi moja asubuhi, siku tatu baada ya kuweka seti nzima ya koilova, yaani springi na shokapu zilizovishwa pamoja, kwenye kikapu cha duka la mtandaoni. Nilikuwa sijalipa bado. Kilichobaki ni kubonyeza tu.

Gari lenyewe ni la 1972, la watu wawili, paa la turubai, bampa za kromu, injini ya cc 1,798. Nililipenda tangu siku ya kwanza na kulilalamikia tangu siku ya pili. Ukikanyaga breki, pua inainama kama inasujudu. Kwenye kona ndefu bodi inalala upande, halafu katikati ya kona inalala tena kidogo, kana kwamba mara ya kwanza ilisahau kumaliza. Barabara ikiwa na mawimbi, mbele kunaelea, na ukifika wimbi la tatu hujui tena anayeendesha ni nani. Usukani nao, wakati wa kuegesha, ulikuwa wa kutoa jasho. Nikahitimisha kama wanavyohitimisha wengi wenye gari la zamani na kadi ya benki: muundo wa springi na shokapu za mbele umepitwa na wakati, ung'olewe wote.

Kwamba muundo ni wa zamani, hilo halina ubishi. Asili yake ni kazi aliyoifanya Alec Issigonis, yule aliyekuja kubuni Mini ya 1959, kabla ya Vita Kuu ya Pili. MG, watengenezaji wa gari hili, waliutumia kwenye saluni yao ya YA mwaka 1947, ukahamia kwenye TD, kisha MGA ya 1955, kisha MGB ya 1962, na ukaendelea kutoka kiwandani Abingdon mpaka mlango ulipofungwa Oktoba 1980. Wazo moja likabeba pua za magari kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilikuwa nikiusema huo kama ushahidi dhidi yake. Siku hizi nausema kwa sauti tofauti.

Kabla ya kuzungumzia kununua chochote, inabidi ujue kitu kimoja kuhusu gari hili, maana ugumu wote wa kuchagua unatokea hapo. Chini kuna mkono wenye umbo la V, na katikati yake kuna bakuli linalokalia springi. Kwa nje kuna kingpini, nguzo ya chuma ambayo gurudumu linageukia. Mpaka hapa ni kawaida. Ila juu, pale ambapo gari jingine lingekuwa na mkono wa pili, hakuna mkono. Kuna shokapu. Si ile ya bomba tunayoijua. Hii ni boksi la chuma cha kusubu, limefungwa kwa bolti nne juu ya krosimemba, ile boriti ya chuma inayokatiza chini ya pua, na ubavuni mwake zinatoka fimbo mbili zinazokwenda kushika kichwa cha kingpini. Gurudumu likipanda, fimbo zinazungusha shafti, shafti inasukuma pistoni ndani ya boksi, pistoni inalazimisha oili ipite kwenye valvu nyembamba. Basi shokapu ndiyo mkono wa juu. Ukiitoa, gurudumu linaanguka nje.

Kwa hiyo huwezi kusema "nabadilisha shokapu tu" kama kwenye gari la kisasa. Kila njia ya kuboresha mbele ya MGB lazima ijibu swali hilo kwanza: kichwa cha kingpini kitashikwa na nani?

Njia ya kwanza inajibu: na shokapu ileile. Unaipeleka ikatengenezwe upya, shafti na sili, na ukitaka unawekewa valvu ngumu kidogo. Njia ya pili inajibu: na shokapu ileile, lakini kazi ya kutuliza springi inahamishiwa kwenye shokapu ya bomba inayofungwa pembeni kwa vishikio vya ziada, na ile ya zamani inatolewa valvu ibaki kama bawaba tu. Njia ya tatu, ile iliyokuwa kwenye kikapu changu, inasema: tupa kila kitu. Mkono mpya wa juu, boljointi (kiungo chenye tufe la chuma) badala ya kingpini, springi na shokapu vimevishwa pamoja, urefu unaongezwa na kupunguzwa kwa kuzungusha kola. Picha zake zinavutia sana. Springi nyekundu, alumini inayong'aa. Nakiri kwamba nusu ya hamu yangu ilikuwa ya macho.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimeinua gari ili nipige picha za vipimo tu. Ile tik ndiyo iliyonifanya nimpigie simu fundi mmoja mtu mzima, ambaye ameshika magari haya tangu yakiwa mapya. Alikuja, akachuchumaa, akatikisa gurudumu mara mbili, akauliza, "Nipeli za grisi zipo ngapi upande mmoja, mwanangu?"

"Mbili, mzee."

"Tatu. Ile ya tatu inaonekana haijaona grisi siku nyingi."

Akaniambia nimwite mpwa wangu akae kwenye kiti akanyage breki, asiachie. Ni ujanja mdogo lakini unafaa kujua. Breki ikishika, haubu (kitovu cha gurudumu) na kingpini vinakuwa kitu kimoja. Ukitikisa tena na mchezo umepotea, tatizo lilikuwa bearing ya gurudumu. Mchezo ukibaki, ni kingpini au bushi zake, yale mabomba mafupi ambamo inazunguka. Mpwa akakanyaga. Nikatikisa. Tik.

Akanionyesha na jambo jingine ambalo nilikuwa nalifanya vibaya kwa miaka. Kingpini za gari hili zinapigwa grisi magurudumu yakiwa hewani. Gari likiwa chini, uzito wake unazibana washa za mhimili na grisi haipati pa kupita. Inatokea pembeni, unaifuta kwa kitambaa, unaondoka umeridhika. Kumbe umepaka grisi nje ya mlango.

Tulichokikuta tulipofungua kilikuwa aibu. Bushi za mpira zilizo kwenye bawaba za mkono wa chini zilikuwa zimebonyea zikawa kama yai, na upande mmoja chuma kilikuwa kinasugua chuma. Shokapu ya kushoto ilikuwa na tope jeusi kuzunguka shafti, oili iliyovuja ikakamata vumbi. Tulipozitenga fimbo zake na kingpini nikazishika nikapandisha na kushusha, karibu theluthi ya mwendo hazikupata upinzani wowote. Zilikwenda kama mlango usio na komeo, kisha ghafla zikakaza. Hapo ndipo penye siri ya kona yangu inayolala mara mbili: mara ya kwanza bodi ililala ikitembea kwenye ile theluthi tupu, mara ya pili springi ilipopokea. Na upepo wa tairi za mbele, tuseme ukweli, ulikuwa umepungua pande zote mbili na kwa viwango tofauti. Nilikuwa nataka kubadilisha jiometria ya gari ambalo sijalipima hata upepo.

Fundi alisema jambo moja tu kuhusu kikapu changu. "Gari hili hujawahi kuliendesha. Umeendesha uchakavu wake."

Sikukubali mara moja. Niliweka daftari mezani na wiki mbili zilizofuata nikazitumia kusoma na kupiga hesabu, kwa nia, nasema bila kuficha, ya kumkosoa mzee. Nilichojifunza ndicho kilichonigeuza, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Cha kwanza ni namba za springi. Katalogi moja inakuuzia springi ya pauni 400 kwa inchi, nyingine koilova ya pauni 250, na unadhani ya kwanza ndiyo ngumu. Inategemea springi imekaa wapi kwenye mkono. Chukua springi iliyokaa katikati kabisa ya mkono wa chini. Gurudumu likipanda inchi moja, springi inabanwa nusu inchi. Na nguvu yake nayo, ikifika kwenye gurudumu, imepungua nusu kwa sababu ya wenzo uleule. Nusu mara nusu ni robo. Springi ya pauni 400 inahisiwa na tairi kama pauni 100. Sasa weka koilova iliyosogea nje, ambayo inabanwa inchi 0.8 kwa kila inchi ya gurudumu. 0.8 mara 0.8 ni 0.64. Ili upate zile pauni 100 za kwenye tairi, unahitaji springi ya pauni 156 hivi. Ile ya 250 itakupa 160 kwenye gurudumu, yaani ngumu kwa zaidi ya nusu kuliko ile ya 400 iliyoonekana ya kutisha. Niliwaandikia wauzaji wa seti yangu kuuliza uwiano wa mkono wao ni upi. Wakanijibu kwamba wateja wao wote wamefurahi.

Cha pili ni bolti nne. Katika muundo wa awali uzito wa gari unashuka kwenye springi, na springi imeegemea ndani ya krosimemba yenyewe, chuma kwa chuma. Zile bolti nne za shokapu zinabeba nguvu za pembeni na za kutuliza mtikisiko, basi. Baadhi ya seti za koilova zinafunga kichwa cha koilova kwenye matundu hayohayo manne. Maana yake mashimo yaliyokuwa yanashika boksi la oili sasa yanabeba uzito wa pua nzima, pamoja na kila shimo la barabarani. Wapo waliolifikiria hilo vizuri wakaweka bamba pana la kusambaza mzigo, na wapo wanaouza krosimemba mpya kabisa. Ila huwezi kulijua kwa picha. Uliza mzigo wa springi unaishia wapi. Muuzaji akianza kukueleza rangi, funga ukurasa.

Cha tatu kinawahusu zaidi wenye MGB za bampa nyeusi, zile za mwishoni mwa 1974 na kuendelea, ambazo ziliinuliwa karibu milimita 38 ili zitimize sheria za Marekani za urefu wa bampa kutoka ardhini. Hamu ya kuzishusha inaeleweka, mimi mwenyewe ningeishusha. Lakini kushusha sana mbele kwa springi fupi kuna mtego wake. Mikono ya chini ikianza kupanda kuelekea nje, ile nukta ambayo bodi inalalia, ambayo huioni kwa macho, inashuka haraka kuliko bodi yenyewe. Umeshusha gari, lakini umeliongezea wenzo wa kulala kwenye kona. Kisha unalazimika kuweka springi ngumu zaidi kufidia, na tairodi, zile fimbo zinazogeuza magurudumu, nazo zinatoka kwenye mlalo wake, gari linaanza kujigeuza lenyewe kila likikanyaga tuta. Rudisha tu kimo cha zamani, usiende chini zaidi. La kwangu la kromu lilikuwa tayari na kimo chake, kwa hiyo kola ya kuzungusha niliyoitamani haikuwa na kazi ya kunifanyia.

Njia ya pili niliijaribu kwa matako, kama wasemavyo madereva. Rafiki yangu ana gari la mwaka unaokaribiana na langu lililofungwa shokapu za bomba pembeni, akanipa funguo kwa nusu saa. Kwenye mawimbi makubwa lilikuwa tulivu ajabu, hilo nampa. Kwenye mikwaruzo midogo ya mwendo wa polepole lilikuwa linatetema meno. Shokapu zile zilipangwa kwa springi nzito kuliko zake. Na nilipochungulia nikaona aliyezifunga alimwaga oili yote ya shokapu za zamani, akidhani hazina kazi tena. Zina kazi. Zimebaki kuwa bawaba ya mkono wa juu, na shafti inayozunguka ndani yake inalainishwa na oili ileile. Nilimwambia. Alinuna kidogo, kisha akaenda kuzijaza.

Basi niliondoa kikapu. Nilinunua kingpini mpya na bushi zake, shokapu mbili zilizotengenezwa upya zenye valvu ngumu kidogo kuliko ya kiwandani, na bushi za mkono wa chini za aina iliyotumika kwenye MGB GT V8, lile toleo la 1973 hadi 1976. Zile ni mpira uliogandishwa kwenye kikombe cha chuma, badala ya vipande vya mpira mtupu. Wengi wanapenda poliurethani, plastiki ngumu kuliko mpira. Mimi niliiacha kwa sababu gari hili linatembea barabarani na mpira unameza kelele ndogo ambazo poliurethani inakuletea hadi kitini. Springi nilizipima urefu zikiwa huru, zote mbili sawasawa, nikazirudisha.

Kuhusu kutoa springi, neno moja la tahadhari kwa atakayejaribu. Iliyobanwa kwenye lile bakuli ina nguvu ya kuvunja mguu. Sisi tuliweka jeki chini ya bakuli, tukatoa bolti mbili kati ya nne zinazolishikilia na kuingiza mahali pake mbili ndefu zenye nyuzi mwili mzima, ndipo tukatoa zilizobaki na kulishusha bakuli taratibu kwa kufungua nati zamu kwa zamu. Inachosha. Ndivyo inavyotakiwa.

Stebilaiza, ile fimbo inayopunguza bodi kulala kwenye kona, ndiyo sehemu pekee niliyojiruhusu tamaa, na hata hapo hesabu ilinishika mkono. Ugumu wa fimbo inayosokotwa unapanda kwa kipeo cha nne cha unene wake. Ya kwangu niliipima ikawa na milimita 14 na ushee. Nilikuwa nimeitolea macho ya milimita 19. Piga hesabu: ni zaidi ya mara tatu ya ugumu, kwenye pua ya gari lenye uzito wa chini ya tani moja. Gurudumu la ndani likikanyaga shimo kwenye kona, la nje lazima lipate habari. Nikachukua ya milimita 16, ambayo inaongeza ugumu kwa zaidi ya nusu na kuishia hapo.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana lipo. Siku ya kufunga, fundi hakuwepo. Nilifunga mikono ya chini gari likiwa kwenye stendi, magurudumu yananing'inia, nikakaza nati zote kwa spana mpaka mwisho, nikapiga pini, nikashusha. Pua ikabaki juu. Vidole viwili hivi juu kuliko zamani, kama gari linalonusa hewa. Nikazunguka nalo mtaani, likagoma kushuka na likawa gumu kama toroli. Nilishaanza kuzilaumu springi. Jioni nilimpigia simu.

"Ulikazia wapi?"

"Kwenye stendi, mzee."

Kimya. Kisha, "Lishushe. Legeza nati za mikono likiwa limesimama kwa uzito wake."

Bushi za aina hii hazizunguki. Ukikaza, bomba la ndani linabanwa lisigeuke, la nje limegandamana na mkono, na mwendo wote unabebwa na mpira kujisokota. Nilikuwa nimeukaza mpira huku mikono inaning'inia, kwa hiyo gari liliposimama mpira ulikuwa tayari umesokotwa na unausukuma mkono urudi chini. Ulikuwa springi ya tatu ambayo sikuinunua. Ningeendelea hivyo ungechanika baada ya muda mfupi. Nililala chini ya gari likiwa limeegemea matairi yake juu ya mbao nne nene, nikalegeza ya kushoto. Ikalia pa! na pua ikashuka mbele ya macho yangu, taratibu, kama mzee anayekaa. Nikahamia ya kulia. Pa! nyingine.

Alaimenti tuliifanya mwisho kabisa, magurudumu yakiangalia ndani milimita mbili hivi kwa mbele, ndani ya kipimo cha kiwanda. Kasta, yaani mwinamo wa kingpini kuelekea nyuma, sikuigusa. MGB ina digrii 7, ambayo ni nyingi, na kuna vipande vya kabari vinavyouzwa vya kuipunguza ili usukani uwe mwepesi. Lakini kingpini mpya zenye grisi mahali pake, na upepo sahihi kwenye tairi, vilikuwa vimeshautoa usukani wangu kwenye jasho. Digrii zile ndizo zinazourudisha usukani katikati ukitoka kwenye kona. Nikaona nibaki nazo.

Lipo gari ambalo ningelishauri koilova bila kusita. Ni lile linaloshindana, linalohitaji kubadilishwa kemba (mwinamo wa gurudumu kuelekea ndani au nje) asubuhi na kimo mchana, lenye tairi pana za mbio ambazo kingpini za 1962 hazikuzitarajia. Mwenye gari hilo anajua anataka digrii ngapi na anajua kwa nini. Mimi nilichokijua kilikuwa rangi ya springi.

Sasa naendesha. Pua bado inainama ukikanyaga breki, ila inainama mara moja na kutulia. Kona ndefu bodi inalala, inasimama hapo, na unaweza kuiegemea. Mawimbi yale yanapita chini ya gari na kuishia hukohuko. Daftari nimelihifadhi, lile lenye malalamiko manne ya ukurasa wa kwanza, na matatu nimeyafuta. Ukurasa wa pili una mstari mmoja nilioandika Jumapili iliyopita niliporudi nyumbani baada ya kupita barabara mbovu, sasa kwa kuwa mbele kumenyamaza na kila kitu kingine kinasikika: "Springi za majani, nyuma kushoto. Tik."